Tuta Lisilowaka

Muthoki alikuwa akifuga minyoo huko Pipeline, Nairobi, katika chumba cha chini ambacho jua halikuwahi kukiona tangu jengo lilipoinuliwa. Saa sita mchana ilimlazimu kuwasha taa. Wapangaji wengine walilalamikia giza hilo, yeye alilichagua. Minyoo wake walikuwa wadogo kiasi kwamba maelfu yao walitosha kwenye kijiko kimoja cha maji, na walipenda mahali penye baridi, unyevu na kiza. Kazi yao ilikuwa moja: kumtafuta funza anayekula mizizi ardhini, kupenya mwilini mwake, na kutoa humo bakteria waliowabeba tumboni. Funza hufa kwa siku mbili. Maiti yake hugeuka rangi ya tofali, nao minyoo hula na kuzaana ndani yake hadi ngozi ipasuke, kisha maelfu wapya hutoka kwenda kutafuta mwingine. Mtu hawamdhuru, kuku hawamdhuru, sukuma wiki hawaigusi.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu minyoo wa aina aliyowafuga Muthoki. Maiti ya funza waliyemuua huwaka gizani. Si mwanga wa kumulikia kitu. Ni kimwanga cha kijani, hafifu kama cha mishale ya saa za zamani, na ili uuone ni lazima ukae gizani dakika kumi mpaka macho yazoee. Bakteria ndio wanaowaka. Muthoki alikuwa amefanya kazi miaka minane katika maabara ya utafiti kabla mradi haujafungwa, na mwanga huo alikuwa ameuona mara nyingi hata haukumshangaza tena. Aliutazama kama mpishi anavyotazama rangi ya chapati, kujua tu kama kazi imekwisha.

Mwezi wa tano alipigiwa simu na Winny, karani wa ofisi moja ya bima aliyeishi Umoja. Walikuwa wamejuana kwenye kwaya ya kanisa. Winny alimweleza kuhusu mama yake, Aoko, ambaye alikuwa na miaka miwili ya ujane. Bado aliishi Makongeni, kwenye nyumba ya reli aliyoletwa akiwa bibi harusi, na nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jikoni na ua wa mabati, kulikuwa na bustani ya hatua thelathini kwa ishirini. Funza walikuwa wakiimaliza. Sukuma, managu, mahindi, vyote. Asubuhi ungekuta mche umelala, na ukiuvuta unakuja mkononi bila mizizi. Winny hakutaka mama yake aanze kupulizia sumu. Baba yake, mzee Owino, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua baada ya kukohoa miaka sita, na hospitali ilisema tu kwamba mapafu yake yalijaa makovu. Hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

Muthoki alikwenda Jumamosi. Alimkuta Aoko amekaa mlangoni akichambua mboga za osuga, mama mrefu, mwembamba, leso kichwani, mtu wa maneno machache. Alikohoa kidogo alipoinuka kumsalimu mgeni, akasema ni vumbi la barabara. Alimpitisha jikoni mpaka bustanini na kumwonyesha tuta moja moja, na yote yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno. Tuta la mwisho, refu kuliko yote, lilipita sambamba na ua wa mabati. Hapo hapakuwa na mboga. Magugu yaliyoota yalikuwa mafupi, ya manjano, kama mimea iliyochipuka chini ya karai.

Aoko alisema hilo lilikuwa tuta la Baba Winny. Alilima nyanya hapo kwa miaka ishirini na tisa, msimu baada ya msimu, nyanya ambazo watu walizifuata kutoka Kaloleni na Jericho. Tangu azikwe kwao Ugenya, mkewe hakuwa amepanda kitu.

Muthoki alipiga jembe mara tatu. Kila pigo lilifukua funza weupe, wanene kama kidole gumba, waliojikunja na kujikunjua taratibu kwenye mwanga. Alihesabu kumi na saba mahali palipotosha sahani. Akamwambia Aoko kwamba kiota ndicho hicho. Wanakulia hapa kisha wanasambaa kwingine. Jua lilipoanza kushuka alinyunyizia bustani nzima maji yenye minyoo, akaaga.

Aliporudi baada ya majuma matatu, bustani ilikuwa imepona. Sukuma zilikuwa zimesimama, na kila alipofukua alikuta maiti za rangi ya tofali. Lakini katika tuta la Owino funza walikuwa wazima, wameongezeka, na walipofukuliwa walijikunja kwa uvivu kana kwamba wamekatishwa usingizi. Muthoki aliweka minyoo mara mbili ya kipimo. Majuma mawili baadaye hali ilikuwa ile ile. Mpaka ulikuwa umenyooka kabisa: huku maiti, huku uhai, na katikati upana wa kiganja.

Alichukua udongo wa tuta hilo mpaka Pipeline, akauosha, akachuja, akaweka tone chini ya hadubini. Alitarajia kukuta minyoo waliokufa, na hilo angeweza kulielewa. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamelala wamenyooka, wakitikisika kidogo, wazima. Akawawekea funza mmoja karibu. Kwa kawaida minyoo wa namna hiyo wakimhisi funza hugeuka wote kumwelekea, wengine wakisimama juu ya mikia yao kama wanaonusa upepo. Hawa hawakugeuka. Mmoja alimpanda funza, akapita juu ya ngozi yake, akashuka upande wa pili akaendelea kwenda, kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake bila kuutambua. Muthoki alikaa na jicho kwenye lenzi kwa muda mrefu.

Aliyemwambia habari ya bomba alikuwa Bwire, jirani wa Aoko, gadi mstaafu wa treni aliyekaa nyumba ya pili. Siku moja Muthoki akiwa ameinama bustanini, mzee huyo alikuja kusimama upande wa pili wa ua, akamsalimia vizuri, akauliza kazi inakwendaje. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya unga, kwamba yeye huamka saa kumi na moja tangu siku za kazi, na kwamba asubuhi nyingine, kabla jua halijatoka, husikia bomba la Owino.

"Bomba gani?" Muthoki aliuliza.

"La kupulizia dawa. Nimelisikia miaka ishirini na tisa, siwezi kulikosea. Chwii, kimya, chwii. Halafu anakohoa."

Muthoki alimuuliza kama aliwahi kuchungulia. Bwire alisema hapana. Alisema mtu akiwa anamaliza kazi yake, haifai kumkatiza.

Muthoki aliomba kuona stoo. Ilikuwa kibanda cha mabati kando ya jikoni, na bomba lilining'inia ukutani, la kubebwa mgongoni, lenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Kamba zake zilikuwa na vumbi. Lakini kwenye ncha ya bomba, pale dawa inapotokea, kulikuwa na tone. Lilikuwa la buluu, buluu ya kupendeza, na Muthoki alipoligusa lilimlowesha kidole. Mvua ilikuwa haijanyesha siku kumi na mbili.

Alimuuliza Aoko kama kuna mtu anayelitumia. Aoko alitazama bomba, kisha akatazama chini. Akasema, nani atumie?

Chini ya bomba palikuwa na gunia la chokaa na kopo kubwa la mabati. Muthoki alifungua kopo akakuta mrututu, ile chumvi ya buluu yenye chembe kama vioo vilivyovunjika. Aoko alimweleza. Mumewe, kabla hajaajiriwa reli, alikuwa kijana wa kupulizia kahawa huko Ruiru, na ndiko alikojifunza kuchanganya mrututu na chokaa. Hakuamini dawa za paketi. Kila Jumatatu na kila Ijumaa, mvua ikinyesha hata kila siku, alichanganya dawa yake na kuzipulizia nyanya ili zisishikwe na ukungu. Alirudi ndani akiwa wa buluu mpaka kwenye nyusi. Watoto walimcheka.

Hapo ndipo Muthoki alipopata mwanga wa kwanza. Mrututu ni shaba. Na shaba haiozi, haikauki ikaisha, haipotei hewani. Mahali inapoanguka ndipo inapokaa, mwaka juu ya mwaka, ikishikamana na udongo wa juu ambako minyoo hutembea. Katika maabara yake ya zamani alikuwa amesoma kwamba shaba ikiwa nyingi huwaua, na ikiwa ya wastani hufanya jambo baya zaidi: huwaacha hai lakini wakapoteza hisi ya kumtambua windo. Hilo lilieleza tuta. Halikueleza tone.

Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ilipokuwa imekolea, aliamua kufika mapema bila kutoa taarifa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa Makongeni. Ukungu ulikuwa umeziba paa za nyumba, na nguo zilizolala kambani zilionekana kama watu waliosimama kungoja kitu. Alipokaribia uchochoro wa nyumba ya Aoko aliisikia. Chwii. Kimya. Chwii. Ilitoka nyuma ya nyumba, taratibu, ya mtu asiye na haraka. Kisha kikohozi kikavu.

Muthoki alisimama. Alijiambia kwamba yeye ni mtu wa hadubini, akaupita uchochoro, akasukuma kigeti cha bustani.

Hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya matuta, na mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Alitembea mpaka tuta la mwisho. Yale magugu ya manjano yalikuwa yameloa matone ya buluu yaliyokuwa bado yakiteleza kwenye majani, huku tuta la jirani, hatua moja kutoka hapo, halina hata tone moja. Hewa ilinuka kama sarafu iliyoshikwa sana mkononi.

Alibisha. Aoko alifungua akiwa amejifunga leso mbili, akamkaribisha chai. Walikunywa wakizungumzia baridi. Muthoki alimaliza kikombe chake, akaaga bila kutaja bomba.

Aliamua kuuliza udongo badala ya watu. Alifunga kamba bustani nzima, kutoka ukuta wa nyumba hadi ua wa mabati, akaigawa miraba themanini, nane kwa kumi. Kutoka kila mraba alichota udongo wa kikombe kimoja cha mtindi, akaandika namba. Huko Pipeline aliweka katika kila kikombe idadi ile ile ya minyoo, na viwavi watano wa nondo wa masega, ambao ndugu yake Nyamai alimletea kutoka kwenye mizinga yake Kitui. Akavifunika vyote akangoja juma moja. Kisha akampigia Aoko amwambie aje aone mwenyewe. Alimwambia ukweli, kwamba kuna jambo halielewi, na kwamba pengine yeye aliyeishi na bustani hiyo ataelewa.

Aoko alifika Jumamosi saa nane mchana, akishikilia ukuta wa ngazi kwa mkono mmoja na kusimama mara mbili kuvuta pumzi, ingawa zilikuwa ngazi tano tu za kushukia. Muthoki alimkalisha kwenye kiti. Alikuwa amevipanga vikombe sakafuni kwa namba zake, mraba kwa mraba, kama vile bustani ilivyolala, na katika kila kikombe amewaweka viwavi juu ya udongo ili waonekane. Alimweleza kwamba palipo na mwanga, minyoo wamefanya kazi, na palipo na giza, wamekataa. Aliziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, akazima taa.

Juu yao mtu alikuwa akiburuta meza. Nje, muuza maziwa alipita akipiga kelele. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu ila weusi. Kisha, polepole, sakafu ilianza kuwaka.

Muthoki alikuwa ameona maiti moja ikiwaka, hata kumi. Hakuwahi kuona mamia. Kimwanga kile cha kijani kilisambaa sakafuni kama maji yanayopanda, na ndani yake giza lilikuwa na umbo. Tuta la mwisho lilikuwa jeusi lote, hilo walilijua. Lakini kutoka kwenye tuta hilo weusi ulitoka ukaenda, ukapinda, ukapita katikati ya bustani. Ulikuwa njia. Mtu alikuwa ametembea hapo.

Aoko aliinuka kwenye kiti akapiga magoti. Alinyoosha mkono wake gizani, na Muthoki aliona kivuli cha vidole kikipita juu ya mwanga.

"Hapa ni mlango wa stoo," alisema. "Hapa kwenye pipa la maji, alikuwa anasimama kuchanganya. Hapa anapita. Hapa, hapa." Kidole kiliifuata njia nyeusi kutoka kikombe hadi kikombe bila kukosea. "Hapa kulikuwa na jiwe. Alikuwa anakaa kupumzika akianza kukohoa. Tulilitoa mwaka jana. Hakuna mtu anajua kulikuwa na jiwe."

Muthoki alikuwa anatazama kitu kingine. Mbali na njia hiyo, upande wa pili kabisa, mstari wa kwanza kando ya nyumba, kulikuwa na doa jeusi peke yake. Vikombe vitatu, pengine vinne. Hakuna hatua iliyofika hapo. Hakuna tuta hapo. Ni udongo mtupu chini ya dirisha la chumba cha kulala.

"Na hapo, Mama?" aliuliza. "Alikuwa akifanya nini hapo?"

Aoko aliurudisha mkono wake gizani. Ilisikika pumzi yake tu, fupi, yenye mkwaruzo mwishoni, na katika giza lile, bila sura ya kumpotosha, Muthoki aliisikia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hapo si yeye," Aoko alisema. "Hapo ni mimi."

Muthoki aliwasha taa. Sakafu ikarudi kuwa vikombe vya mtindi. Aoko alibaki amepiga magoti, mikono mapajani, akaeleza yote kwa sauti ile ile tulivu. Kila Jumatatu na kila Ijumaa alipokea ovaroli ya mumewe, imekauka na kuwa ngumu kwa unga wa buluu, na kabla ya kuifua aliikung'uta dirishani, maana isipokung'utwa ingeharibu maji yote. Aliikung'uta kwa nguvu, na unga ulipaa. Kisha akafua kwenye beseni, akamwaga maji pale pale chini. Miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyemwambia kitu, na yeye hakuwa na sababu ya kuuliza.

Kisha akasema jambo lililobaki. Bomba alikuwa akilitumia yeye. Baada ya mazishi, Winny aliporudi Umoja na wageni wakaisha, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia masikio yake mwenyewe. Asubuhi moja alishindwa kuvumilia, akachanganya dawa kama alivyomwona mumewe akichanganya, akalibeba bomba kwa kamba zake akaenda kwenye tuta tupu. Hakukuwa na nyanya za kulinda. Alitaka tu kusikia ile sauti ikitoka bustanini, kama inavyotoka siku zote. Tangu hapo alifanya hivyo mara mbili kwa juma, na siku ile Muthoki alipokuja ghafla alilirudisha bomba stoo akaingia jikoni na kufunga mlango kwa aibu. Alijua kwamba mwanawe amemleta mtu wa kuponya bustani. Alijua pia kwamba yeye ndiye anayeiharibu. Hakujua jinsi ya kuacha.

"Nikikuambia kitu, nyara, binti yangu, utafikiri nimechanganyikiwa," alisema mwishoni. "Kuna siku naacha kupiga bomba, na sauti inachelewa kuacha."

Muthoki hakumwambia kwamba ni mwangwi wa mabati. Alifikiri hivyo, ila alimsaidia kuinuka tu, akamwomba ruhusa ya kumpigia Winny, na Aoko akakubali kwa kichwa.

Winny alikuja kwa teksi moja kwa moja kutoka kazini. Muthoki aliwaeleza wote wawili, polepole, bila kujifanya daktari. Alisema kwamba unga wa shaba ukivutwa kwa miaka mingi huweza kuacha makovu kwenye mapafu, kwamba hajui kama ndivyo ilivyokuwa kwa mzee, lakini hospitali inapaswa kuambiwa neno mrututu, maana hakuna daktari anayeweza kulikisia mwenyewe. Winny alisikiliza akiwa ameushika mkono wa mama yake. Hakulia pale. Aliuliza tu kwa nini hawakuwahi kuulizwa, miaka yote sita ya kupanga foleni na bahasha za picha za kifua, baba yake alikuwa akifanya nini bustanini.

Jumatatu yake walikwenda hospitali. Picha ya kwanza haikuonyesha mengi. Ya pili, ya mashine kubwa, ilionyesha. Mapafu ya Aoko yalikuwa na madoa na nyuzi za makovu, chini pande zote mbili. Daktari mwanamke aliyewahudumia aliliandika neno hilo kwenye faili herufi kwa herufi, akauliza maswali mengi, akaomba na faili ya zamani ya mzee Owino, akaisoma kimya. Hakusema kwa uhakika. Alisema picha zinafanana. Aliwaambia kwamba makovu hayafutiki, lakini ya mama ni machache, na kwamba mtu akiondoka kwenye unga huo mapema anaweza kuishi nayo muda mrefu. Alimpa dawa na tarehe za kurudi. Aoko alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja, kama angemshauri mumewe aache miaka ile, angepona? Daktari alisema hajui. Aoko alisema asante.

Kopo la mrututu, gunia la chokaa na bomba Muthoki aliyachukua mwenyewe, kwa barakoa na glavu, akayapeleka kwa wanaoteketeza taka za maabara. Tuta alilizungushia kamba. Alimwaga juu yake mikokoteni kadhaa ya samadi iliyooza, kwa kuwa samadi huishika shaba na kuituliza kidogo, akafunika kwa turubai, akamwambia Aoko asiliguse kwa jembe, asilifagie, asipande kitu cha kuliwa hapo, maishani mwake. Chini ya dirisha walimwaga zege. Bwire alitoka kuwasaidia kuichanganya. Aoko alikuwa amemweleza mwenyewe habari ya bomba, na mzee huyo alichekelea kidogo, akasema basi ameshukuru kujua. Baadaye, Aoko alipoingia ndani kuleta chai, alimuuliza Muthoki kwa sauti ya chini kama mama huyo alikuwa akipiga dawa Jumatano pia. Muthoki alisema hapana, Jumatatu na Ijumaa. Bwire aliendelea kuchanganya zege.

Mwezi wa nane Aoko alikwenda Ugenya. Winny alimsindikiza. Alikaa kwenye kaburi la mumewe asubuhi nzima, kama Winny alivyosimulia baadaye kwa simu, akimsemesha marehemu kwa sauti ya kawaida kama anayemweleza mtu aliyetoka safari: habari za mapafu, za ovaroli, za minyoo, na za njia yake ilivyoonekana sakafuni kwa mtu wa Pipeline. Alimwambia kwamba ameacha kupiga bomba, na kwamba naye sasa aache. Hewa ya huko ilimfaa, akaamua kukaa mpaka mavuno. Kikohozi kilipungua. Alimwomba Muthoki amwangalizie bustani.

Kwa hiyo Muthoki alikwenda kila Jumatano, siku aliyokuwa na nafasi. Alipalilia, akavuna sukuma akampelekea Winny, akapanda managu kwenye mapengo. Funza walikuwa wameadimika. Minyoo walikuwa wakifanya kazi yao kila mahali walipoweza. Nyumba ilikuwa imefungwa, na mchana wa Makongeni ulikuwa na sauti zake za kawaida, redio, ndoo, treni ikijivuta kuelekea mjini. Hakuna jambo lolote lililotokea.

Ila Jumatano ya tatu, akiwa amemaliza mistari minne ya managu na kusimama kunyoosha kiuno, aliona kitu kwenye udongo. Ni nyayo zake mwenyewe. Zilikwenda kando kando, mstari baada ya mstari, kama za kaa. Alizifuata kwa macho kutoka mwanzo wa kazi hadi pale aliposimama, na akatambua kwamba tangu asubuhi, na pengine Jumatano zote, hakuwa ameligeuzia mgongo lile turubai hata mara moja.

Alibaki na mistari miwili. Aliimalizia kwa mtindo ule ule, akanawa mikono, akafunga kigeti na kufuli, akampigia Winny kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa.